Dari ya Gari la Mwalimu

Enzi zetu, nyinyi mliokulia Kitengela kabla magorofa hayajatufungia upepo mtakubaliana nami, gari lilikuwa la mtu mmoja lakini kazi zake zilikuwa za mtaa mzima. Mwenye gari ndiye aliyempeleka mjamzito hospitalini, ndiye aliyeleta makaa, na ndiye aliyembeba bibi harusi. Mtaani kwetu mwenye gari alikuwa baba yangu, Mwalimu Wekesa, mtu wa Bungoma aliyeletwa Kajiado na chaki akakataa kurudi. Gari lenyewe lilikuwa stesheni wagoni kuukuu, rangi ya chai iliyozidi maziwa. Lilipanda mlima, lilivuka tope, na lilikuwa zima kila mahali isipokuwa dari.

Kama hujawahi kupata taabu hii, acha nikueleze. Juu ya vichwa vya abiria, ndani ya gari, huwa kuna kitambaa kilichobandikwa kwenye paa. Gari likizeeka na jua la Kajiado likalichoma vya kutosha, kitambaa hubanduka na kuanza kuning'inia. Chetu mwanzoni kilitugusa nywele tu. Baadaye, madirisha yakifunguliwa, upepo uliingia ndani yake kikavimba mpaka baba akawa haoni kioo cha nyuma.

"Inua dari!" alikuwa akisema, kwa sauti ileile ya darasani.

Nasi tuliinua. Ndugu zangu wawili na mimi, mikono yote juu, na mama huko mbele akiinua wake bila kuacha kuzungumza. Jumapili watu walituona tukipita kwenye vumbi mikono hewani, wakasema familia ya Mwalimu imeokoka kabisa, haiwezi hata kungoja ifike kanisani. Tulikuwa na misuli ya mabega ambayo watoto wa siku hizi wanalipia kwenda kuitafuta.

Mama alijaribu pini za nepi. Zilishika kwa muda, kisha zikaanza kuanguka kwenye viti, na kila mgeni aliyeketi aliinuka haraka kuliko alivyokaa. Alipolalamika, baba alimjibu kwamba gari ni injini, dari ni mapambo tu.

"Hata suruali ni mapambo," mama alisema, "lakini sijakuona ukienda shule bila."

Hivyo ndivyo tulivyoishi, tukicheza michezo ya kati na blada jioni, tukila githeri, na kushika dari wikendi, mpaka siku Mzee ole Sankale alipokuja kuomba gari. Mzee alikuwa na boma lake nyuma ya shule, na binti yake wa mwisho, Nashipai, alikuwa anaolewa Illasit, mbali kule karibu na Loitokitok. Baba alinyoosha mgongo. "Mzee, binti yako atatoka kwa heshima. Mimi mwenyewe nitaendesha."

Mama aliposikia, alishika kichwa. Si kwa sababu ya aibu ya dari peke yake. Kulikuwa na jambo jingine, na kila mtu pale mtaani alilijua. Bibi harusi wa Kimaasai akishatoka bomani kwao hageuki nyuma. Akigeuka, wazee husema, anakuwa jiwe. Na Nashipai alikuwa kitinda mimba ambaye hajawahi kulala mbali na mama yake. Alikuja kwetu jioni moja, akaketi jikoni, akamwambia mama, ambaye mtaa ulimwita kwa jina langu, ukweli wake.

"Mama Nekesa, mimi niko na woga. Nikisikia mama akilia, hii shingo itageuka yenyewe."

Mama alimmiminia chai. "Utaangalia mbele, mtoto wangu. Huyo Mwalimu ataendesha vizuri, hautasikia kitu."

Kwa hiyo dari ilibidi itengenezwe, na baba akakataa gundi ya dukani. Alisema ni ya watu waliosahau kutumia akili. Yeye alikuwa amebandika chati kwenye kuta za madarasa kwa uji mzito wa unga wa ngano maisha yake yote, na hakuna chati iliyowahi kumwangukia. Akateka sufuria ya mama, akapika uji, akaupaka darini kwa brashi ya chokaa, kisha akalala chali kwenye viti na kulainisha kitambaa kwa kile kijiti cha mama cha kusukumia chapati. Mama alisimama mlangoni akimtazama.

"Mwalimu, hiyo ni gari. Si chati."

Lakini asubuhi ya harusi dari ilikuwa imekaza ajabu. Hakuna kunjo hata moja. Ila ukiingia ndani ulipata njaa, maana gari zima lilinukia kiamsha kinywa. Baba alizunguka akilipiga paa makofi madogo, na nadhani sijawahi kumwona akijipenda vile.

Mimi nilivalishwa gauni jeupe nikaambiwa ni msichana wa maua. Kazi yangu halisi baba alininong'oneza: nikae nyuma, ubavuni mwa bibi harusi, na nikiona dari inacheza ninyooshe mkono kama mtu anayejinyoosha.

Jambo ambalo baba hakulifikiria, na Mbukusu gani wa Bungoma angelifikiria, ni baraka. Nashipai alipokwisha kuketi katikati, shangazi yake upande ule na mimi upande huu, na bwana harusi mbele kando ya baba, bibi vizee, kina koko wa boma lile, walikuja na kibuyu cha maziwa na kishada cha majani mabichi. Wakamnyunyizia Nashipai. Wakamnyunyizia bwana harusi. Na kwa kuwa gari ndilo lililombeba mtoto wao, wakalinyunyizia na gari, nje na ndani, na dari haikusahaulika. Nani atakataa baraka za kina koko kwa sababu ya uji? Nilitazama juu nikaona doa moja likipanuka polepole, likikutana na jingine.

Gari liliondoka. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono, najinyoosha na kujinyoosha, na kitambaa kinateleza chini ya viganja vyangu, laini, kama ngozi juu ya maziwa ya moto. Ndipo mama yake Nashipai alipolia. Hakulia kwa kelele. Aliita jina la binti yake, mara moja tu, kama anavyomwita mtu aje kula.

Niliiona ile shingo. Shanga zilianza kusogea, kisha hereni, kisha kidevu. Shangazi alimshika mkono akisema naye kwa Kimaa, haraka haraka, lakini kidevu kilizidi kugeuka. Nikaacha dari nikamshika bega, na sikujua nifanye nini zaidi.

Dari ikaanguka yote, kutoka nyuma hadi mbele, imelowa, ikatufunika sote. Hakuna aliyeona mbele wala nyuma. Nilisikia Nashipai akivuta pumzi gizani, na harufu ya uji.

"Inua dari!" baba akapaza sauti. Alikuwa amesahau kabisa anabeba nani.

Na watu waliinua. Shangazi, bwana harusi, Nashipai na shanga zake zote, kila mkono juu. Huko nyuma, kupitia madirisha ya pembeni, mchungaji wa kanisa, aliyekuwa kati ya wasindikizaji, aliona mikono imeinuliwa akasema Amina, na umati mzima ukaitikia. Tulipopata kuona tena, tulikuwa tumepita kona na boma halionekani. Nashipai alikuwa anatazama mbele. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, uji umemganda sikioni.

Baba alirudi kutoka Illasit akiwa amejiandalia hotuba ya kuomba msamaha, tena ndefu. Kesho yake Mzee ole Sankale alimtangulia getini kwetu kwa salamu ya Kimaa.

"Supa, Mwalimu."

"Ipa, Mzee. Kuhusu ile dari..."

"Hiyo nguo ilishuka wakati mtoto alikuwa anageuka. Shangazi yake ametuambia yote. Nani alikufundisha hiyo maneno?"

Baba alimeza hotuba yake yote. "Tulikuwa tumejipanga," alisema.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuibandika ile dari. Maharusi wengi wa pande zetu walibebwa chini yake, na baba alikuwa anakagua kama inaning'inia vizuri.

Sasa niko na gari langu, nalo limezeeka, na mwaka huu dari yake ikaanza kushuka. Wanangu walilia aibu. Mkubwa akasema hawezi kushukia shuleni chini ya hema. Nikalipeleka kwa fundi hapa Kitengela, akatoa dari nzima, akakwangua sponji ya nyuma ya kitambaa iliyokuwa imegeuka unga, akapaka gundi kali, akavuta kitambaa kipya. Alinieleza kwamba sponji ndiyo hufa, si kitambaa. Kumbe uji wa baba ulikuwa unabandika vumbi. Imekaza vizuri kweli. Wanangu wanakaa nyuma kila mmoja na simu yake, hakuna anayetazama juu, hakuna anayeitwa kusaidia chochote. Dari inajishikilia, na wao wanajishikilia. Nakosa ile mikono. Nasema wazi, naikosa sana.

Juzi tulikuwa njiani, baba kando yangu, mzee sasa, na kila tukipita tuta mkono wake unapanda wenyewe mpaka darini. Simu ikalia. Alikuwa Nashipai kutoka Illasit. Binti yake wa mwisho anaolewa Desemba, na gari la kumtoa nyumbani ni la ukoo wa Mwalimu, hataki jingine.

"Nekesa, huyu wangu ni kama mimi tu. Shingo haina breki. Dari yako inaning'inia?"

Nikamwambia nimeitengeneza.

"Sasa mtoto wangu atafunikwa na nini?"

Baba alikuwa amesikia yote. Mkono wake bado uko darini, anaisukuma kwa kidole kama anayemchunguza adui.

"Mwambie aache wasiwasi," alisema. "Kabla ya Desemba tutaibandua. Unga uko."