Bwato ya Mama Pierrette mu Sosyete ya Ujenzi

Ukitaka kujua mutu mwenye shukrani pale Kashikishi, kando ya ziwa, umutafute Papa Apollinaire, fundi aliyetoka Pweto na kufungua sosyete ndogo ya ujenzi. Sosyete yenyewe ilikuwa yeye, mafundi wane, na madeni. Muuza simenti alikuwa anamudai mupaka salamu yake ilikuwa chungu.

Kazi moja tu iliweza kumuokoa: nyumba mbili za walimu ku kisiwa cha Kilwa, katikati ya ziwa. Kuta zikifika ku linta, pale juu ya milango na madirisha, mbele ya mwezi wa pili kuisha, atalipwa. Zisipofika, kazi itapewa mwingine. Muuza simenti alikubali kumukopesha mifuko makumi sita ya mwisho. Lakini Kilwa ni kwa maji tu, na wenye mato, ile mitumbwi ya mbao, walitaka feza kwanza.

Mama Pierrette, mujane anayeuza samaki, alisikia ile habari kwenye kanisa. Ilikuwa mwezi wa kwanza. Uvuvi ulikuwa umefungwa ili samaki wazae, na bwato yake ya kuvulia ilikuwa inalala ku muchanga bila kazi. Akaenda kumuona Apollinaire.

«Papa, feza sina. Niko na bwato. Uiandike mu sosyete kama fungu yangu. Tukipata, tutagawanya. Tukianguka, tutaanguka pamoja.»

«Mama, hii sosyete ni nyumba inayowaka moto.»

«Bon. Kwenye moto ndiko banapeleka maji.»

Kesho yake mafundi walibeba simenti mupaka kando ya ziwa. Mama Pierrette akawazuia. Akawaambia wasukume bwato ku maji ya magoti, waitie mawe, mupaka ikazama yote.

Félix, fundi mwenye ulimi murefu, akashika kichwa. «Aah, Mama! Batu bengine banazamisha sosyete pole pole. Weye unaizamisha siku ya kwanza!»

«Cheka tu, mutoto wangu. Weye ujue matofali, mbao uniachie miye. Bwato ikikaa ku jua miezi miwili, mbao zinaachana. Ilale mu maji siku tatu, zivimbe, zibanane.»

Siku tatu! Siku zilizobaki Apollinaire alikuwa anazihesabu kama chumvi ya mwisho ku sahani. Alitaka kukataa. Lakini akakumbuka kazi yake mwenyewe: tofali kavu usipoilowesha, inanyonya maji yote ya simenti, na ukuta unapasuka.

«Tungoje,» akasema.

Siku ya ine waliitoa, wakamwaga maji, wakapakia, wakafunika na bashi, ile turubai ya kuzuia maji. Safari tatu walivuka. Kila safari Apollinaire alikaa chini kabisa, mukono wake ku mbao, kama mutu anayepima homa ya mutoto. Haukulowa hata kidole. Hakuna mufuko mumoja ulioharibika.

Kuta zilifika ku linta zikibaki siku tano. Malipo yakatoka. Muuza simenti akapata yake, mafundi wakapata yao, na Apollinaire akapeleka fungu ya Mama Pierrette na kuku mukubwa juu yake.

Akamukuta anapanga nyavu, maana uvuvi ulikuwa unafunguliwa kesho yake. Apollinaire alikuwa ametayarisha maneno mengi njiani.

«Mama,» alisema tu, «aksanti sana.»

«Aksanti kwa Mungu. Huyu kuku umufunge vizuri, atakimbia. Na mwaka kesho, ziwa ikifungwa, kazi yetu iko wapi?»