Hilaria Aitwa Mwizi wa Betri

Kwa miaka kumi na tisa Hilaria alikuwa akitengeneza umeme wa magari pale mtaa wa Katandala, mjini, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwita mwizi. Maganga, dereva wa gari la kukodi aina ya Noah, ndiye aliyeanza. Alimwita hivyo mchana kweupe, siku ya Alhamisi, mbele ya muuza vocha, fundi cherehani na wateja watatu. Noah yake alikuwa ameiacha katikati ya njia, injini ikinguruma, maana aliogopa kuizima.

"Nilikuletea betri nzima uichaji tu," alifoka. "Wewe umechukua yangu ukanipachika mzoga! Wiki mbili hazijaisha, gari haliwaki!"

Hilaria akafungua boneti, akamwonyesha ubavu wa betri. Kila betri aliyoipokea aliiandika kwa rangi nyekundu jina la mwenyewe na tarehe, mwenyewe akiwa amesimama anaangalia. Jina la Maganga lilikuwepo pale pale.

"Rangi hata mtoto anapaka," Maganga akasema. "Kosa ni langu, kumpa mwanamke gari."

Akapanda, akaondoka. Waliokuwepo wakainamia shughuli zao kama watu wasiosikia. Jioni ile wateja wawili walikuja kuchukua betri zao kabla hazijajaa, wakasema wana haraka. Hilaria akafunga kibanda.

Jumamosi ilikuwa ndoa ya Mariana, mwanakwaya mwenzake, huko Mwimbi. Hilaria mwenyewe ni mzaliwa wa Mwimbi, na mama yake, bibi Tereza, analima huko mahindi na ulezi mpaka leo. Alipofika kanisani kwao mjini alfajiri akiwa amevaa sare ya kwaya, akakuta gari lililokodiwa ni Noah ile ile. Alitaka kurudi nyumbani. Mwalimu wa kwaya, mzee Urbano, akamsihi: "Panda mama, sauti ya pili nani ataibeba?" Akapanda, akakaa nyuma ya dereva.

Ulikuwa mwezi wa Juni, na baridi ya Ufipa unaijua wewe uliyewahi kuamka nayo. Maganga aliwasha taa kwanza, akafungua feni ya joto, akafungulia redio, ndipo akazungusha ufunguo. Stata ikalalamika. Akaung'ang'ania ufunguo bila kuupumzisha mpaka injini ikashika kwa shida. Hilaria akauma midomo. Walipofika Matai, njiani, wakashuka kunywa chai, karibu nusu saa. Injini ilikuwa imezimwa, redio ikiimba, na simu nne za wanakwaya zikinyonya umeme kwenye chaja moja yenye matawi.

"Nikisema nitaambiwa nina kisasi," Hilaria akajisemea.

Misa ilianza saa nne, ikaisha saa saba. Walipotoka, watu wamejaa uwanjani, vigelegele vinapigwa, Maganga akaenda kuwasha gari liwapeleke kwenye karamu. Likatoa mlio mmoja, tak, likanyamaza. Vijana wakajitolea kusukuma. Wakasukuma mpaka wakalowa jasho, na bure, kwa sababu Noah ile ni otomatiki na haiwaki kwa kusukumwa.

Hapo Maganga akageuka, akamnyooshea Hilaria kidole mbele ya kijiji kizima.

"Muulizeni huyu! Huyu ndiye aliyeniibia betri!"

Bibi Tereza alikuwa amesimama hatua chache tu, mikono kichwani. Hilaria alimwona. Kitu alichokuwa amekikalia tangu Alhamisi kikapasuka.

"Toka hapo!" alimwambia Maganga, akamsukuma kando, akaingiza mkono kwenye usukani. "Njooni muone! Swichi ya taa hii hapa. Taa amewasha alfajiri, jua likatoka, tumefika, amezima injini akaziacha. Kwa muda wa saa tatu na zaidi! Na redio je? Nani aliyekuwa anasikiliza mpira tukiwa kwenye misa?"

Mtu mmoja akacheka. Ilijulikana kuwa Maganga hakuingia kanisani.

Akafungua boneti. Kibano cha waya wa betri kilikuwa kimelegea, kimejaa ukungu mweupe, na kichwa cha betri kimebonyea. "Hii umegonga kwa jiwe. Nilikukataza. Katandala kutoka kwako hadi kijiwe cha madereva ni hatua chache tu, betri haipati muda wa kujaa, lakini unawasha, unazima, unawasha tena. Betri ni kama kihenge cha nafaka, bwana! Unachota asubuhi na jioni, hujarudisha hata kibaba, halafu unamwita jirani mwizi wa ulezi!"

"Hilaria, mama, punguza sauti," mzee Urbano akasema. "Leo ni harusi."

"Mwalimu, ninakuheshimu. Lakini yeye alipopaza yake, wewe ulimwambia apunguze?"

Mzee Urbano akarudi kwa wanakwaya wake.

Kando ya kanisa palikuwa na lori la Fuso likipakia mahindi. Maganga, kwa aibu, akakimbilia huko, akamwomba dereva asogee, akaleta nyaya za kubustia, za kuazima umeme wa gari jingine, akataka kuziunganisha haraka haraka. Hilaria akamshika kifundo cha mkono. "Fuso ina betri mbili zilizounganishwa, nguvu yake ni mara mbili. Ukiweka hivyo unaunguza kompyuta ya gari." Akasugua vichwa vya betri, akakaza vibano, akachukua umeme kwenye betri moja tu ya Fuso. Noah ikawaka.

"Basi dada, yaishe," Maganga akanong'ona.

"Hayaishi. Uliniita mwizi Katandala, utakwenda kunisafishia Katandala. Na kwa sauti ile ile."

Hakurudi naye. Alilala kwa mama yake, na Jumapili akapanda lori la mahindi hadi mjini.

Maganga alikuja kibandani Jumatano. Alisimamisha gari, akachungulia dirishani, akasema kitu chini chini. "Sisikii," Hilaria akajibu, huku akiendelea kukaza nati. Maganga akashuka. "Sisikii bado." Mwisho akapaza sauti, uso umemwiva: "Hilaria hakubadilisha betri yangu! Mimi ndiye niliyeiua!"

Hilaria akainua kichwa. Alidhani moyo ungepoa. Haukupoa. Aliwatazama majirani, ambao sasa walikuwa wanatikisa vichwa kwa masikitiko, na akawakasirikia kuliko alivyomkasirikia Maganga.

"Sasa mmesikia," aliwaambia. "Alhamisi ile masikio mlikuwa mmeyapeleka wapi?"

Akaichomoa betri ya Maganga, akaipima, akamwambia ukweli bila kuuzungusha: imeshachoka, haifiki hata Krismasi, anunue nyingine na abadilike yeye kwanza. Kisha akamwita mteja aliyefuata.