Kamba Ambayo Haikuandikwa

Usiku ule nilipanda kitandani na hasira yangu, na sioni sababu ya kuificha. Jumapili usharika wetu ungemuaga Mchungaji anayestaafu, na mimi, kwa kuwa nina sauti, nilikuwa nimepewa kusoma neno. Nilijiandaa kumwaibisha mbele ya watu wote.

Yeye ndiye aliyemtenga Babu. Kisa ni darasa la Biblia. Mathayo anasema Yuda alijinyonga. Matendo yanasema alianguka, akapasuka tumbo. Mchungaji akafundisha kwamba alijinyonga, kamba ikakatika, ndipo akaanguka, kwa hiyo Biblia haina kosa hata moja. Babu, mwinjilisti wa miaka mingi, akainua mkono: "Hiyo kamba iliyokatika imeandikwa wapi, Mchungaji?"

Kwa swali hilo akavuliwa uinjilisti na kuzuiwa Meza ya Bwana hadi atubu. Hakutubu. Alifariki akiwa bado ametengwa, basi kengele haikugongwa, kwaya haikuja, wala Mchungaji hakuvaa joho. Tulimzika wenyewe, tukiimba huku tunalia. Sijasamehe.

Ndotoni ni asubuhi. Naingia kanisani, viti vitupu, na Babu amesimama chini ya mnara, amevaa ile kanzu nyeupe ya uinjilisti waliyomnyang'anya. Anavuta kamba ya kengele. Kengele inayumba, naiona, lakini haitoi sauti.

Mara tuko jikoni kwake, na kamba bado iko mkononi mwake, inapita dirishani kwenda juu sijui wapi. Nikamwambia, "Babu, Jumapili nakulipizia. Nimeandika kila kitu. Nitamwita mwongo."

Nilidhani atafurahi. Aliniangalia vile alivyoniangalia utotoni nikimsomea Biblia na kuruka mstari.

"Neema, mimi nilisema Biblia ni ya uongo?"

"Hapana, Babu."

"Nilisema mashahidi ni wawili, kila mmoja aachwe amalize. Aliyeongeza ni yeye."

Na Mchungaji yumo humo jikoni, ameketi kwenye kigoda cha Babu, amezeeka kuliko nilivyomzoea. Ameshika mwisho wa ile kamba. Anaifunga fundo, linafunguka. Anafunga tena, linafunguka tena. Jasho linamtoka. Nilifurahi kumwona akihangaika, na hata sasa nikikumbuka nafurahi.

Babu hakumtazama kabisa. Aliinama sikioni kwangu, akanukia sabuni ya kufulia kama zamani.

"Soma yote mawili. Usiongeze neno."

"Basi tu, Babu?"

"Basi. Atasikia."

Akaivuta kamba kutoka mikononi mwa Mchungaji, taratibu, nzima, haina fundo wala mkato, akatoka nayo nje kwenye mwanga. Nikaamka nimekaa kitandani, shuka nimeikunja mikononi.

Kulikuwa kumekucha. Niliitoa kwenye Biblia yangu ile karatasi ya matusi, kurasa mbili nilizoziandika kwa wiki nzima, nikaichana na kuitia motoni chini ya sufuria ya chai. Kisha nikaweka alama Mathayo, nikaweka nyingine Matendo.

Jumapili Mchungaji atakaa kiti cha mbele, na shada lake shingoni. Nitasoma la kwanza, nitasoma la pili, nitafunga Kitabu. Halafu nitamtazama, nimenyamaza, kama kengele yao ilivyonyamaza siku tunamzika Babu.