Oili ya Difu ya Mbele

Baba yangu alinunua gari la michezo akiwa na miaka sitini na moja. Lilikuwa jekundu, fupi, limeinama mbele, na matairi yake yote manne yalikuwa yanavuta. Lilishuka bandarini kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika, miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa na kila mwenye akiba yake akawa anaagiza kitu.

Kabla ya hapo alikuwa ameendesha pikapu moja kwa miaka kumi na minane. Namkumbuka akikata mipira ya ndani ya tairi apate vipande vya kuzibia paipu zinazovuja, maana spea hazikuwapo. Alikuwa muuza vitambaa Kariakoo, mtu wa kupima kila kitu mara mbili, ndiyo maana gari lile lilitushangaza. Mama alipoliona alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Halafu akasema yeye hapandi, Wahindu wenzake wa hekaluni watamwonaje.

"Nimengoja sana," Baba alimjibu, akaingia ndani kuoga.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, nafanya kazi naye dukani. Nyumba nzima ni mimi peke yangu niliyekuwa tayari kukaa kile kiti cha mbele, magoti yakikaribia kidevu.

Masika yaliyofuata tulikwenda Magomeni kumpelekea mteja vitambaa vya harusi. Tulipokuwa tunarudi mvua ilikuwa imekatika, lakini bonde la Jangwani lilikuwa limejaa maji. Malori yalikuwa yanapita. Baba akasema na sisi tutapita.

"Baba, hii siyo pikapu," nilimwambia.

Alikuwa ameshaingia. Maji yalipanda mpaka kwenye milango, nikayasikia yakisugua chini ya miguu yangu. Gari halikuzima. Tulipotokea upande wa pili Baba alipiga usukani kwa viganja viwili, akacheka peke yake. Sikuwahi kumwona hivyo dukani.

Siku mbili baadaye mlio ukaanza. Ulikuwa mvumo mwembamba unaotoka mbele, unapanda kadiri mwendo unavyopanda.

Fundi wetu alikuwa na banda la mabati mtaa wa Gerezani, ukingoni mwa ardhi ya reli. Alikuwa mtu wa Songea, umri wake sawa na wa Baba, aliyetumikia karakana ya reli mpaka walipompunguza kazi. Pikapu yetu alikuwa anaijua kuliko sisi. Tulimweleza ya Jangwani. Alilisikiliza gari, akamwaga oili ya injini na kuweka mpya, akapima oili ya giaboksi, akafungua difu ya nyuma, lile boksi la meno linalogawa nguvu kwa magurudumu. Kote kulikuwa safi.

"Mzee, gari halina kitu," alisema. "Ni kelele za haya matairi mapana."

Baba alimwamini, akaliendesha wiki nzima. Kufikia Ijumaa ilibidi tupaze sauti ili kusikilizana. Jumamosi tukarudi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Bado matairi yanalia?"

Alitania, lakini niliona hakufurahi kutuona. Akafungua boneti. Nilikuwa nimekuja na kitabu cha gari, chote Kijapani, sisi tukitazama michoro tu. Mchoro mmoja ulionyesha vijiti vitatu vya kupimia oili. Sisi tulikuwa tunajua viwili, cha injini na cha giaboksi. Niliinama, nikapitisha mkono chini ya mabomba upande wa kulia, kidole kikagusa kipete cha waya.

"Fundi, na hiki ni cha nini?"

Alikivuta. Ncha yake ilitoka na kitu cheupe, kizito, kama chai iliyozidi maziwa. Alikitazama, akakaa juu ya tairi kuukuu.

"Nilidhani difu ya mbele inakunywa oili moja na giaboksi," alisema. "Kumbe ina yake. Maji ya Jangwani yameingia humu, na mimi nikakwambia endesha. Nimekosea, mzee."

Wasaidizi wake walikuwa wanasikia. Hata wauza spea wa banda la jirani walikuwa wamegeuka kutazama. Nilimtazama Baba, maana dukani alikuwa anaweza kumsema mtu mpaka jioni kwa nusu mita ya kitambaa.

Baba akavua saa, akanipa. Akakunja mikono ya shati lake jeupe.

"Maji niliingiza mimi," alisema. "Nionyeshe nati iko wapi."

Wakalala wote wawili juu ya gunia, chini ya gari lililopandishwa kwenye magogo. Nilikuwa naona miguu tu, viatu vya ngozi na kandambili. Nati ilipolegea, ile oili ilimwagika kwenye karai kwa uvivu, na harufu kali kama ya kiberiti ikajaa bandani. Fundi aliisugua kati ya vidole akitafuta chembe za chuma. Alipata vumbi tu, hapakuwa na kipande cha jino.

"Limepona," nilimsikia akisema kule chini, kwa sauti ya chini kabisa.

Kujaza ndiko kulikochosha. Oili ile nzito inapitia tundu lile lile la kijiti, jembamba kama kalamu. Baba alishika faneli, fundi akamimina kidogo kidogo, wakisubiri ishuke. Katika kusubiri huko wakaanza kuzungumza. Fundi alisimulia injini ya kwanza ya treni aliyoifungua na kuitengeneza mwenyewe. Baba akasimulia jinsi alivyokuwa akikata picha za magari magazetini na kuzificha chini ya majora ya vitambaa, kipindi ambacho kupata hata betri ya tochi ilikuwa habari. Mimi nilikuwa nimekunja majora yale maisha yangu yote. Sikuwahi kuzijua picha hizo.

Waliijaza, tukazunguka taratibu mtaa mmoja, wakaimwaga ingali na weupe. Wakarudia. Mara ya tatu ikatoka na rangi ya asali. Tukaenda mpaka mwisho wa Mtaa wa Msimbazi na kurudi, sisi watatu, fundi amejikunja kiti cha nyuma na kichwa kimegusa paa. Tulikuwa tunasikiliza. Mvumo ulikuwa umebaki kidogo tu, kama nyuki aliye mbali, na haukuongezeka tena miaka yote tuliyokuwa na gari lile.

Tangu siku ile Baba akawa anapita Gerezani Jumamosi hata kama gari halina shida. Wanakunywa kahawa, wanafungua boneti, wanatazama tu. Mabanda yale yalipovunjwa, fundi akaamua kurudi kwao Songea. Baba alimpeleka mwenyewe kwenye basi. Sanduku la spana halikuingia kwenye buti, nikalipakata mimi njia nzima, zito, likinukia chuma na grisi. Walishikana mikono kwa muda mrefu pale stendi, wakisemeshana juu ya barabara na mvua. Baba aliporudi kwenye gari alinipa ufunguo, akaniomba niendeshe mimi.