Niliondoka Uwanjani Wakati wa Mapumziko

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usifike katikati ukaanza kumtafuta mwingine wa kumlaumu. Mke wangu hakukosea, mtoto hakukosea, wala hao Wamarekani waliomwajiri hawakukosea. Ni mimi, mtu mzima, mzee wa kanisa, dereva wa basi ninayeheshimika huku Edmonton, kaskazini mwa London.

Mwanangu nitamwita Eli. Si jina lake, lakini wanaotujua watatujua tu.

Eli alizaliwa hapa London. Kiswahili anakielewa chote, hata kile cha kusengenya, ila ukimsemesha anajibu kwa Kiingereza. Alikuwa na mguu wa kupiga mpira. Tangu yuko shule ya msingi, akipiga mpira wenzake waliusindikiza kwa macho. Nikaota awe mchezaji mkubwa wa soka. Klabu iliyokuwa inamlea ikaja kumwambia mguu unao, urefu unao, mbio huna. Wakaachana naye. Nilinuna wiki nzima kama vile mimi ndiye niliyeachwa.

Baadaye kocha mmoja akamwona anapiga ule mpira wa Kimarekani, wenye umbo la yai, akamtafutia nafasi ya kusoma na kucheza huko kwao. Mimi nilikuwa naudharau mchezo ule. Watu wamevaa kofia ngumu, wanagongana, wanasimama, wanagongana tena. Kazi ya Eli ilikuwa moja: wenzake wakikwama anaitwa, anapiga mpira upite katikati ya nguzo mbili ndefu, kisha anarudi kukaa. Nilimwuliza mama yake, "Hiyo nayo ni kazi?"

Ikawa kazi. Timu ya kulipwa ikamsajili, na msimu uliopita wakamfanya mpigaji wao mkuu.

Walianza vizuri mno. Mechi ya kwanza walishinda, ya pili wakashinda kwa pigo lake la sekunde za mwisho. Jumapili iliyofuata, kwenye chai ya baada ya ibada, nilizunguka na simu nikimwonyesha lile pigo kila mwenye macho. Nikaagiza jezi yenye jina letu mgongoni, nikawa naivaa ndani ya sare ya kazi. Abiria akinisalimu tu, nimeshamwambia. Watu wakaanza kuniita Baba Mpigaji, na mimi nikaitika.

Kisha timu ikaanza kuteremka. Walifungwa, wakafungwa tena, wakashinda moja kwa bahati, wakafungwa tena. Katika mechi moja Eli alikosa mapigo mawili, na la pili lilikuwa la karibu kabisa. Video ikazunguka. Mtu akaiweka kwenye grupu letu la Watanzania wa huku, imepachikwa muziki wa taarabu. Watu wakacheka. Mmoja akaandika, "Baba Mpigaji, tunaomba maelezo."

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema mpira ndivyo ulivyo. Nikaandika hivi, na maneno nayakumbuka kwa sababu nimeyasoma mara nyingi mno: "Mimi nilimlea tu. Upigaji huo hakujifunza nyumbani kwangu. Kama ni aibu, ni yake."

Wakacheka zaidi. Nikajisikia nafuu. Nikaweka simu chini, nikanywa uji wangu.

Nilisahau kwamba Eli yumo kwenye grupu. Shangazi yake alimwingiza zamani, na kwa kuwa haandiki chochote, tulishamsahau. Nilipoichukua simu tena, chini ya vicheko kulikuwa na mstari mdogo: Eli ametoka kwenye kundi.

Alipiga simu siku ileile. Sikupokea. Kesho yake akapiga tena, sikupokea. Nilijiambia nina zamu. Ukweli ni kwamba niliogopa, na uoga wangu nikauvisha hasira ili uonekane wa kiume. Mama yake aliponiuliza mbona simzungumzii mtoto, nikasema, "Kwanza ajifunze kupiga mpira."

Sasa ratiba ya msimu ilikuwa inaileta timu yao London, kwenye uwanja ambao basi langu hupita mlangoni kwake. Eli akamtumia mama yake tiketi mbili.

"Baba Eli, utakwenda," mke wangu akaniambia. Hakuwa anauliza.

Nilikwenda. Jezi sikuvaa. Tulikaa chini kabisa, nyuma ya zile nguzo mbili za goli, mahali ambapo Eli mwenyewe alipachagua. Alipotoka kupasha misuli alitutafuta kwa macho, akatuona, akapunga mkono. Mama yake akapunga yote miwili. Mimi niliinua kidole gumba, kama ninavyowafanyia madereva wenzangu barabarani.

Kipindi cha kwanza timu ilielemewa. Eli akaitwa apige. Mpira ukagonga nguzo, ukarudi uwanjani. Mlio ule bado ninao masikioni. Watu wakazomea, tena waliovaa jezi za timu yake mwenyewe. Mke wangu akaita jina lake kwa nguvu, "Eli, mwanangu, usijali!"

Bwana mmoja wa mbele yetu akageuka. Kiswahili hakukielewa, ila jina alilisikia. "Mnamjua huyu?" akauliza. "Wamemtoa wapi?"

Nikajibu upesi, kabla mke wangu hajafungua mdomo. "Hapana. Tumepewa tiketi tu."

Mke wangu akaniangalia. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kuangaliwa namna ile. Kisha akamgusa yule bwana begani. "Ni mwanangu," akamwambia kwa Kiingereza. "Nimemzaa mimi."

Yule bwana akawa mwekundu, akaomba radhi, akatoa na pipi mfukoni akamkaribisha. Mgeni aliona haya kuliko mimi.

Mapumziko yalipofika nikasema naenda msalani.

"Utarudi?"

"Nitarudi."

Nikapita msalani, nikawapita wauza chakula, nikatoka nje ya geti. Nikatembea mpaka nyumbani, kofia nimeivuta hadi machoni nisitambuliwe na dereva yeyote wa njia ile.

Nilikuwa jikoni nimebandika chai simu ilipoanza kuita ujumbe juu ya ujumbe. Grupu zima linanipongeza. Timu ilikuwa imefufuka kipindi cha pili, na mwishoni kabisa Eli alipiga kutoka mbali, mpira ukapita, wakashinda. "Baba Mpigaji, uko uwanjani? Tupe picha."

Nikaigeuza simu kifudifudi mezani.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mke wangu, amesimama mlangoni, koti hajavua. Alisema mpira ulipopita tu, Eli alikimbilia upande wetu, wenzake wakimfukuza wamkumbatie. Akafika kwenye ukuta ulio mbele ya viti, akamkumbatia mama yake. Kisha akatazama kiti cha pembeni.

"Baba yuko wapi?"

"Nilitaka kumdanganya," mke wangu akaniambia. "Nilitaka kusema uko msalani. Nikashindwa. Nikamwambia nadhani umekwenda nyumbani."

"Akasemaje?"

"Alikuwa na mpira mkononi, nadhani alikuwa anakuletea wewe. Akaugeuzageuza, akaondoka nao."

Nikavuta kiti nikae. Hakuniacha nikae.

"Na kuna lingine. Mtoto anapiga huku nyonga inamuuma tangu walipoanza kufungwa. Alinieleza juzi nilipokwenda kumwona hotelini, akanikataza nisikwambie, alitaka akueleze mwenyewe baada ya mechi. Zile simu zake ulizokuwa hupokei, alitaka kukuuliza aseme, apoteze nafasi, au avumilie. Nikamwambia, si uniulize mimi? Akasema, baba aliendesha basi mwaka mzima na mgongo mbovu, yeye atajua la kuniambia."

Timu ilipanda ndege jioni ileile. Nikamwandikia: "Hongera mwanangu. Nimeliona pigo lako, nimefurahi sana."

Jibu likaja kwa Kiswahili. Mtoto huyu hajawahi kuniandikia Kiswahili maishani mwake.

"Asante baba. Umeliona wapi?"



Msimu wao uliendelea hivyohivyo, leo juu, kesho chini, wakakosa hatua ya mtoano kwa mchezo mmoja. Nyonga ya Eli ikafanyiwa upasuaji, na timu ikasajili mpigaji mwingine. Nilitaka nisafiri nikamuuguze. Akasema, "Usisumbuke baba, una zamu." Akaenda mama yake.

Nimemwomba radhi. Nililia kwenye simu, mtu mzima mimi. Akasema hamna neno. Alilisema kama abiria aliyekanyagwa mguu ndani ya basi anavyolisema, kwa adabu, huku ameshageuka dirishani. Nimeandika hata kule kwenye grupu kwamba yale maneno niliyakosea. Wengi wakaweka alama ya kidole gumba. Eli hayumo, hakuyasoma.

Sasa amepona, anafanya mazoezi peke yake, anatafuta timu. Hupiga simu kila Jumapili. Nikiwa ukumbini nawasikia yeye na mama yake wanacheka mpaka wanapaliwa. Nikiingia chumbani kusalimu, anasema, "Shikamoo, baba," na kicheko kinaishia pale.

Wewe mwenye mtoto anayefanya kazi mbele za watu, awe anapiga mpira, anaimba au anahubiri, nisikilize mimi niliyeharibu. Siku anayoshangiliwa anao watu wengi, hata usipokuwepo hapungukiwi. Usimgeuze kuwa sifa yako ya kutembea nayo mtaani, maana sifa ikichakaa utaitupa, na utakayemtupa ni mtoto. Akipiga simu, pokea, hata kama hujui utasema nini. Na akikupa tiketi, kaa mpaka mwisho. Kaa ukijua kabisa kwamba anaweza kushindwa, akainua macho kumtafuta mtu wake.