Siku Tulipoingia Matangani kwa Vigelegele

Jamani, hili nalisimulia kwa sababu mmenibana, na kwa sababu kila aliyelisikia kwa watu amelisikia na chumvi yake, basi bora mlipate kwangu mimi mwenye aibu yenyewe. Lakini nawaomba kitu kimoja, mkicheka mcheke taratibu, maana mume wangu mpaka leo hajui nusu ya habari hii na sina haja aijue.

Mnajua mimi ni mwalimu wa mapishi hapa Wete, kwenye kituo cha mafunzo ya amali. Basi serikali ikatoa fedha tufungue darasa la wageni, yaani watu waliotoka nchi nyengine wakapewa ruhusa ya kuishi kwetu, wafundishwe kazi, na juu ya kazi wafundishwe kuishi na wenyeji. Hilo la kuishi na wenyeji nililidaka mimi kwa mikono miwili (nani asiyependa kulipwa kwa kueleza mambo ya kwao?). Nilikuwa na wanafunzi watatu: Zaituni wa Ngazija, Odeta wa Burundi, na Neema wa Kongo, ambaye alikimbia vita akiwa msichana, akakulia kambini Kigoma, akaolewa huko, mwisho mumewe akapata kibarua cha upagazi bandarini Mkoani wakahamia Pemba na watoto wao wawili.

Sasa huyo mume akaumia mgongo. Mizigo ikamshinda, nyumba ikabaki inamtazama Neema. Na utaratibu wa darasa letu ulikuwa hivi: ukimaliza mafunzo, serikali inakulipia miezi ya mwanzo ya kazi, lakini sharti apatikane mtu wa kukuajiri. Asipopatikana, unapewa cheti chako na mkono wa kwaheri. Neema aliniambia waziwazi, "Mwalimu, nisipopata kazi tunarudi kambini, hakuna njia nyingine." Alisema huku anaosha mchele, hata hakuninyanyulia macho.

Nikamtafutia. Kuna mama mmoja, Bi Sharifa, mpishi wa shughuli. Kwetu Kaskazini hakuna harusi ya maana ambayo mwiko haukushikwa na yeye. Nikambembeleza, akasema, "Nna harusi Gando. Walete, niwaone mikono yao. Anayeniridhisha nnamchukua." Nilirudi kituoni nikiwa na furaha utadhani naolewa mimi.

Wiki nzima sikufundisha mapishi, nilifundisha kuingia shughulini. Nikawaambia sisi watu wa jikoni hatupiti barazani, tunapita uani. Na hatuingii kimya, ukiingia kimya wenye shughuli watasema huyu kaja na kinyongo. Unaingia kwa kigelegele, kisha unatafuta kisu, unakaa, unamenya, hungoji kuambiwa. Tukafanya mazoezi ya vigelegele mpaka mhasibu wa kituo akaja kugonga mlango na kuuliza kama tuna mgonjwa. Neema mwanzo kilikuwa hakimtoki, kinakuja pumzi tu, lakini alipokipata, loo, alikipata kwelikweli.

Siku ikafika. Niliwavisha sare, madera ya rangi ya chungwa, na asumini kichwani tukatia. Dereva wa kituo akatushusha barabarani Gando akaniuliza, "Nyumba mwaijua, Mwalimu?" Nikamjibu kwa madaha kwamba Pemba hii naijua nje ndani (nyumba nilikuwa siijui, nilielekezwa tu kwa simu, na nusu ya maelezo sikuyasikia kwa sababu nilikuwa nakaanga samaki). Tukafika pahala njia inagawika. Pana duka hapo, na mwanamke kakaa nje anachambua mchele. Zaituni akasema, "Mwalimu, tumuulize yule bibi." Ndugu zangu, kumuuliza kulikuwa ni jambo la kufumba na kufumbua! Lakini mimi niliyewafundisha wageni Pemba wiki nzima, leo mbele yao niulize nyumba ya harusi? Nikaona haya. Nikainua kichwa nikaona turubai la buluu na moshi wa majiko matatu, upande wa mbele nasikia wanaume wanasoma kwa pamoja, nikasema, "Aulizwe nini? Si maulidi hayo yanasomwa? Twendeni uani."

Tukazunguka. Nikachungulia kwenye upenu wa makuti, wanawake wamejaa, masufuria makubwa, vitunguu kwa magunia. Nikainua mkono kama nilivyowafundisha, nikaushusha, tukaingia.

Vigelegele vinne kwa mpigo! Cha kwangu kilikatika katikati, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mbele na mimi ndiye niliyeona mwanzo: nyuso zile hazikuwa za harusi. Zaituni akanyamaza, Odeta akanyamaza. Neema, masikini, alikuwa amefumba macho ili kimtoke vizuri, akaendelea peke yake, kirefu, kizuri, mpaka pumzi ikamwishia. Alipofumbua macho ua mzima ulikuwa kimya, mtu kaachia mfuniko wa sufuria hata hakuinama kuuokota.

Bibi mmoja akasimama akijishika kiuno. "Nyie mna nini, yakhe? Mwamcheka maiti?"

Nikatamani ardhi ipasuke. Na bado, maana mashaka hayaji peke yake: nyuma ya bibi yule, mwiko mkononi, alikuwa amesimama Bi Sharifa mwenyewe. (Baadaye ndipo nilipoelewa. Nyumba ya harusi ilikuwa hatua chache mbele; jirani yao alipofiwa, wenye harusi waliacha ngoma na vyombo vyao wakaja kwanza kupika matangani, ndivyo ilivyo kwetu, na mimi mjuzi wa mila ndiye pekee niliyekuwa sina habari.)

Hapo ningesema, "Tumekosea nyumba, tusameheni," mambo yangekwisha. Sijui shetani gani alinishika ulimi. Niliwaona wale wanawake wananitazama mimi, mtoto wa Wete, binti wa watu wanaojulikana, na kwa hofu ya macho yale nikasema, "Samahanini, mama zangu. Hawa ni wageni wangu. Kwao huko bara, msibani hulia hivi."

Naam, nilisema hivyo mimi mwenyewe, na mshahara wa kuwafundisha kuishi na wenyeji naula.

Macho yote yakaniacha mimi yakawahamia wao. Nikasikia mtu akinong'ona, "Haya bwana, kila watu na yao," na mwengine akawavutia watoto kwake kama vile watu wale wana maradhi. Odeta aliinamisha kichwa. Zaituni (Mngazija, Muislamu, matanga anayajua kuliko mimi) alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau.

Mfiwa alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango, jina lake Bi Hadia, mamake kazikwa jana yake alasiri. Macho yake makavu kabisa. Akamwita Neema kwa mkono, akamuuliza kwa upole, "Kweli, mwanangu? Kwenu mama wa mtu akifa hufanywa hivyo?"

Neema akanitazama. Nikajua roho yangu iko mkononi mwake, na kazi yake iko mkononi mwa Bi Sharifa, na Bi Sharifa anasikiliza. Angekubali tu uongo wangu, angeninusuru. Akapiga magoti mbele ya mkeka.

"Hapana, mama," akasema. "Kwetu kilio ni kilio kama hapa. Tulifikiri ni harusi. Utusamehe sana." Akasema tena, sauti imebadilika, "Mimi mama yangu sikumzika. Tulikimbia, yeye akabaki ndani ya nyumba. Hakuna mtu alimkalia hivi."

Bi Hadia alisogea tu, akaacha nafasi mkekani, akampigapigia kwa kiganja, kaa. Neema akakaa. Na alipolia, alilia kama mtu aliyekuwa akingojewa na kilio hicho miaka mingi, na Bi Hadia, ambaye tangu jana anaambiwa subira, subira, akamwangukia begani, akalia naye. Ua mzima ukalia. Mimi nililia pia, lakini sikuthubutu kusogea mkekani, nilisimama pale pale na asumini yangu kichwani.

Bi Sharifa ndiye aliyenikomboa, kama kule ni kukombolewa. Alinijia karibu akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu Raya, toa maua hayo kichwani. Masufuria yale yana ukoko, maji yako pipani." Nikasugua masufuria mpaka magharibi, na hakuna aliyenipa kazi nyengine. Zaituni na Odeta walimenya vitunguu na wanawake, wakaulizwa kwao, wakaulizwa watoto, mwisho nikasikia hata wanacheka kidogo kama watu wanavyocheka matangani. Mimi hakuna aliyeniuliza kitu.

Tulipokuwa tunaondoka Bi Sharifa akamwambia Neema aje Jumamosi, harusi bado ipo, na kisu chake aje nacho. Ndiyo, kazi aliipata, mpaka leo anayo, na mumewe anaendelea kutibiwa mgongo.

Garini nikamwomba radhi. Nilimwomba kwa maneno mengi, mnanijua nilivyo. Neema alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Sikukasirika, Mwalimu. Niliogopa."

"Uliogopa kukosa kazi?"

"Hapana. Walikuamini haraka sana. Ulisema neno moja tu, na wote wakaamini sisi tuko hivyo. Kumbe miaka yote ninavyowasalimia watu, ninavyojifunza, mtu mmoja akiona haya yake, neno moja linatosha."

Dereva akakohoa, akafungua redio, akaifunga.

Mwezi uliopita Bi Hadia aliozesha mwanawe. Neema ndiye aliyealikwa, kama mtu wa nyumbani, na nilipomwambia ningependa kwenda kuomba radhi uso kwa uso, akanichukua. Mlangoni uani alikuwa amekaa yule bibi aliyetuuliza siku ile kama twamcheka maiti. Akanitazama juu mpaka chini, akauliza, "Na huyu je?"

Neema angeweza kusema lolote, na pale angeaminiwa yeye, si mimi.

"Huyu ni mwalimu wangu," akasema, akanishika mkono. "Yuko pamoja nami."

Nikapita nimeinamisha kichwa, machozi yananilengalenga siku ya harusi ya watu. Darasani bado nafundisha kuishi na wenyeji, lakini nimeapa, wallahi: aibu nikiifanya mimi, nitaivaa mimi, hata ikinibana. Simvishi tena mtu ambaye hana kwao kwa kwenda kuivulia.