Kuku wa Shangazi Waliogoma Kusimama

Mpaka leo nikiona kuku amekaa chini, nashtuka.

Asubuhi ile nilikuwa likizo kwa shangazi. Nikafungua banda, nikakuta kuku wote wamekaa. Wazima kabisa, macho makavu, wananitazama.

Nikamwaga chakula. Wakajikokota kwa mabawa. Hakuna aliyesimama.

Shangazi ndiye aliyenilea, na mayai ya kuku wake ndiyo yaliyonisomesha. Nilipopata kazi kwenye kiwanda cha chakula cha mifugo, nikasema sasa ni zamu yangu. Nikamletea unga wa vimeng'enya vinavyozalishwa na bakteria. Nikamweleza kwamba ndani ya pumba na mashudu kuna fosforasi iliyofungwa, kuku haipati. Kimeng'enya ndicho kinachoifungua, mifupa ikapata nguvu.

"Kwa hiyo ule unga wa mifupa unaowachanganyia achana nao," nikamwambia. "Huu unatosha."

"Haya, daktari wa pumba," akacheka.

Sasa nikamshika kuku mmoja mguu. Ukapinda kama mpira.

"Shangazi, ule unga niliokuletea unawapa?"

"Kila siku."

"Unauchanganyaje?"

"Nautokosa kwanza."

"Unautokosa?"

"Si ulisema una bakteria? Nikaona mwanangu kaniletea kitu kwa moyo wake wote, nitamkatalia vipi? Basi nachemsha mpaka vijidudu vife, ndiyo nawachanganyia."

Maji ya moto yanaharibu kimeng'enya. Muda wote ule kuku walikula pumba tupu, na unga wa mifupa niliuondoa mimi.

Tukaurudisha. Wapi! Wachache waliinuka, wakaanguka tena. Mwisho mchinjaji akaja na matenga yake.

Jana nimepita pale. Shangazi alikuwa anafagia banda lisilo na kuku. Nikamwambia nitamletea vifaranga.

"Acha, mwanangu. Nguvu hizo sina tena."

Hakunilaumu hata kidogo. Angenitukana, labda ningepata usingizi.

Ndugu zangu mliosoma, mtu akikujibu "haya", usiridhike. Mwambie akueleze alichoelewa. Anayekupenda hatakuuliza, anaogopa kukuvunja moyo, na ukija kujua hilo huwa hakuna tena cha kuokoa.